Supachaja katika Injini ya Mgandamizo Mkubwa: Ushauri kwa Wenye Magari wa Nyanda za Mbozi

Kiasi cha nguvu kinachotolewa na injini hutegemea, kabla ya jambo lingine lolote, kiasi cha hewa kinachoingia ndani ya silinda zake, kwa kuwa mafuta hayaungui kupita kadiri oksijeni iliyomo inavyoruhusu. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda unaotoka kwenye puli ya krenkishafti, na kazi yake ni kushindilia ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo pistoni zingeweza kuivuta zenyewe. Turbo hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi unaotoka kwenye eksozi, na kwa hiyo huchelewa kidogo kuitika pale dereva anapokanyaga mafuta, ilhali supachaja huitika papo hapo lakini hula sehemu ya nguvu ya injini ili iweze kujiendesha.

Kata ya Nanyala, wilayani Mbozi, iko kando ya barabara kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya, kisha kuendelea Mlowo na Vwawa hadi mpakani Tunduma, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Mwenye gari dogo anayeishi kwenye njia hiyo hukutana kila siku na misururu ya malori ya mizigo ya Zambia na Kongo, hulazimika kuyapita kwenye vilima kama ule wa Senjele, na huona wazi kwamba gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam limekuwa zito huku juu. Tamaa ya kuongeza nguvu kwa supachaja ina msingi, lakini magari mengi ya petroli yaliyoko mikononi mwa watu yana injini za mgandamizo mkubwa, zisizotengenezwa kwa ajili ya hewa ya kushindiliwa. Makala haya yanaeleza kwamba katika nyanda za juu supachaja inaweza kufungwa salama kwenye injini ya namna hiyo iwapo itakusudiwa kurudisha kile ambacho mwinuko umekichukua, na iwapo kikomo chake kitapangwa kwa kuangalia mahali pa chini kabisa ambapo gari litafika, hata kama muda mwingi gari hilo huwa Nanyala.

Uwiano wa mgandamizo

Uwiano wa mgandamizo ni hesabu inayolinganisha nafasi yote iliyomo ndani ya silinda pistoni ikiwa chini kabisa, na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa. Silinda yenye ujazo wa sentimita za ujazo 500 na chumba cha kuunguzia chenye sentimita za ujazo 50 ina nafasi ya 550 pistoni ikiwa chini na 50 pistoni ikiwa juu, na kwa hiyo uwiano wake ni 11 kwa 1. Kadiri uwiano huo unavyokuwa mkubwa ndivyo injini inavyopata kazi nyingi zaidi kutokana na kiasi kilekile cha mafuta, na hii ndiyo sababu viwanda vimeendelea kuupandisha ili magari yatumie mafuta kidogo. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Toyota IST nyingi ina uwiano wa 10.5, wakati 4GR-FSE ya lita 2.5 iliyomo kwenye Mark X na baadhi ya Crown imefika 12, kwa msaada wa nozeli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na kuipoza hewa iliyomo.

Faida hiyo ina gharama yake. Hewa inapobanwa hupata joto, na ikibanwa sana joto hilo linaweza kuuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa bila kungoja plagi. Katika uunguzaji wa kawaida plagi huwasha moto mahali pamoja, moto ukaenea kwa utaratibu hadi ukingoni mwa chumba. Katika uunguzaji mbovu ule mchanganyiko uliobaki mbele ya moto hujilipukia wenyewe kwa mara moja, na injini hutoa sauti ya kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Kugonga kidogo na kwa muda mfupi huvumilika, lakini kugonga kwa kuendelea hutoboa pistoni, huvunja kingo zinazoshikilia ringi, na hupasua gasketi ya silinda hedi.

Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mbano na joto hilo bila kujilipukia. Supachaja huleta kwenye silinda hewa ambayo tayari imebanwa na tayari ina joto, kisha pistoni huibana tena mara 10 au 12, kwa hiyo injini ya mgandamizo mkubwa ambayo ilikuwa karibu na mpaka wa petroli yake husukumwa kuuvuka mpaka huo.

Mwinuko na presha ya hewa

Kanieneo ya hewa, ambayo kwenye gereji huitwa presha, hupungua kadiri mtu anavyopanda kutoka usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida cha kitaalamu presha hiyo ni hektopaskali 1,013 pwani, na kwenye mwinuko wa mita 1,500, unaokaribiana na ule wa sehemu kubwa ya nyanda za Mbozi, hushuka hadi hektopaskali 846 hivi. Upungufu huo ni takriban asilimia 16, na injini isiyo na supachaja wala turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana nao, ingawa ubaridi wa nyanda za juu hurudisha sehemu ndogo kwa sababu hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto.

Ujuzi wa kufidia upungufu wa namna hiyo ni wa zamani, na ulikuzwa zaidi na watengenezaji wa ndege. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipeleka injini ya ndege aina ya Liberty kwenye kilele cha Pikes Peak nchini Marekani, chenye mita zipatazo 4,300, ambako nguvu yake ilishuka kutoka farasi 350 hadi karibu 230. Alipoifungia turbo ilitoa farasi 356, yaani nguvu ya usawa wa bahari ilirudi yote. Jaribio hilo linatoa kanuni inayomfaa mwenye gari wa Nanyala: hewa ya kushindiliwa inayorudisha presha ya pwani haiiletei injini mbano ambao kiwanda hakikuutarajia, kwa kuwa kiwanda kilikwisha kuisanifu iweze kufanya kazi pwani.

Kwa hesabu, presha iliyopotea kati ya pwani na mita 1,500 ni hektopaskali 167, sawa na baa 0.17 au pauni 2.4 kwa inchi ya mraba. Supachaja inayozidisha presha ya hewa mara 1.2 hugeuza hektopaskali 846 kuwa 1,015, na injini ikapokea kile ambacho ingepokea ikiwa Dar es Salaam. Kinachobaki kuangaliwa ni joto, kwa sababu pampu yenyewe hupasha hewa inayoibana. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi ikipita kwenye supachaja ya ufanisi wa asilimia 60 na kuzidishwa presha mara 1.2 hutoka ikiwa na nyuzi zipatazo 46, ambazo ni nyingi kuliko joto la hewa ya Dar es Salaam siku ya jua. Kwa hiyo hata supachaja hii ya upole inafaa kufuatiwa na kipoza hewa, yaani rejeta ndogo inayopitiwa na hewa iliyobanwa kabla haijaingia kwenye injini, ambacho mafundi hukiita intakula.

Hatari ya kushuka pwani

Makosa mengi huanzia kwenye kusahau kwamba geji ya presha inayofungwa kwenye dashibodi husoma tofauti kati ya presha ya ndani ya manifoldi na ya hewa ya nje, na wala haisomi presha kamili. Baa 0.4 juu ya hewa ya Nanyala ni hektopaskali 1,246, ilhali baa 0.4 hiyohiyo juu ya hewa ya Dar es Salaam ni 1,413. Injini inagonga au haigongi kwa kufuata presha kamili na joto, kwa hiyo namba moja ya geji ina maana mbili katika safari moja.

Supachaja inayozungushwa kwa mkanda huongeza ugumu, kwa kuwa haina habari ya mahali ilipo. Yenyewe huzidisha presha yoyote inayoikuta kwa uwiano uliowekwa na ukubwa wa puli zake. Iwapo fundi wa Vwawa amechagua puli inayozidisha presha mara 1.5, hewa ya mita 1,500 itafikishwa kwenye hektopaskali 1,269, na kwa ufanisi wa asilimia 60 hewa ya nyuzi 20 itatoka ikiwa na nyuzi 80. Gari hilohilo likishuka hadi Dar es Salaam siku ya nyuzi 32, supachaja ileile itatoa hektopaskali 1,520 na hewa ya nyuzi zipatazo 94 kabla ya kupozwa. Presha imeongezeka kwa asilimia 20 na joto limepanda kwa nyuzi 14, bila mtu yeyote kugusa spana. Injini iliyopita majaribio yote kwenye kilima cha Senjele inaweza kutoboka pistoni baada ya Chalinze, na mwenye gari akadhani amewekewa mafuta mabaya njiani.

Kinga ziko tatu, na kila mwenye mpango huu anapaswa kuchagua angalau moja. Ya kwanza ni vali ya kupitisha hewa pembeni, inayofunguliwa na kompyuta kwa kufuata kihisi cha presha kamili, ili presha inayozidi kikomo irudishwe nyuma ya supachaja. Ya pili ni klachi ya umeme kwenye puli ya supachaja, kama ile inayotumika kwenye kompresa ya kiyoyozi, ambayo humwezesha dereva kuizima pampu anaposhuka bondeni. Ya tatu, na ambayo haina ujanja wowote, ni kupanga puli kwa hesabu ya Dar es Salaam tangu mwanzo na kuridhika na kiasi kidogo zaidi kinachopatikana huku juu.

Walichofanya wenye viwanda

Mwenye kutaka kujua mpaka uko wapi na aangalie kwanza walichofanya wahandisi wenye maabara. Toyota ilipotengeneza injini ya 4A-GE ya lita 1.6 bila supachaja iliipa uwiano wa mgandamizo wa 9.4, lakini toleo lake lenye supachaja, 4A-GZE, lililoanza kuuzwa mwaka 1986 kwenye MR2, lilishushwa hadi 8.0, na baadaye likapandishwa hadi 8.9 tu. Toleo hilo lilipewa pampu ya aina ya Roots yenye klachi ya umeme, pamoja na pistoni za kufua badala ya za kumimina, kwa sababu za kufua hustahimili zaidi mapigo ya mlipuko.

Mfano wa karibu zaidi na barabara za Tanzania ni zile Toyota Altezza zinazotumia injini ya 3S-GE yenye silinda za kipenyo cha milimita 86 na mwendo wa pistoni wa milimita 86, na uwiano wa mgandamizo kati ya 11.0 na 11.5. Injini dada yake yenye vipimo hivyohivyo vya silinda, 3S-GTE ya turbo, ilitolewa katika vizazi vyake vyote ikiwa na uwiano kati ya 8.5 na 9.0. Mtu anayefunga supachaja kwenye Altezza bila kubadilisha kitu ndani anavuka kwa mara moja pengo ambalo kampuni iliyoijenga injini hiyo iliamua kutolivuka.

Hata hivyo kuna mfano wa upande wa pili. Kampuni ya Lotus ya Uingereza ilichukua injini ya Toyota ya 2ZZ-GE ya lita 1.8, yenye uwiano wa 11.5, ikaifungia supachaja ya Eaton pamoja na kipoza hewa bila kuushusha uwiano huo, na gari la Exige S la mwaka 2006 likatoa nguvu za farasi 220 badala ya 190. Kwa hiyo jambo hilo linawezekana, ila lilifanyika kwa presha ya wastani, kwa petroli yenye okteni ya kuaminika, kwa kipoza hewa kinachopata upepo wa kutosha, na kwa kompyuta iliyopangwa upya yote kuanzia kiasi cha mafuta hadi muda wa plagi kuwasha. Ongezeko lenyewe ni la asilimia 16 hivi, ambalo linalingana, kwa namna ya kupendeza, na kile ambacho mwinuko wa Mbozi humnyang'anya mwenye gari.

Kuchagua aina ya supachaja

Supachaja za magari ziko za namna tatu. Ya Roots, iliyopewa jina la ndugu wawili wa Indiana, Philander na Francis Roots, waliopata hataza ya pampu yao mwaka 1860, ina rota mbili zinazozunguka kwa kupishana na kusukuma hewa. Ni imara na huitika haraka hata injini ikiwa kwenye mzunguko mdogo, lakini huipasha hewa kuliko nyingine. Ya skrubu mbili huibana hewa ndani yake kabla ya kuitoa, kwa hiyo ina ufanisi mkubwa zaidi, ila bei yake ni kubwa. Ya tatu hutumia feni inayozunguka kwa kasi kubwa sana, kama ile ya turbo, na presha yake huongezeka kadiri injini inavyozunguka kwa kasi.

Kwa gari la Nanyala linalohitaji nguvu ya kupanda kilima nyuma ya lori, pampu ya Roots ndogo au ya skrubu inafaa kuliko ya feni, kwa sababu msaada hutakiwa injini ikiwa kati ya mizunguko 2,000 na 4,000 kwa dakika. Kwa upande mwingine, ya feni ina fadhila kwa injini ya mgandamizo mkubwa, kwa kuwa presha yake ni ndogo katika mzunguko mdogo, pale ambapo mchanganyiko hukaa muda mrefu ndani ya silinda na hatari ya kugonga huwa kubwa zaidi.

Kushusha mgandamizo

Anayetaka presha inayozidi ile ya kufidia mwinuko kwa kawaida hulazimika kushusha uwiano wa mgandamizo, na njia ya uhakika ni kununua pistoni zenye kichwa kilichobonyea. Njia ya mkato inayopendwa na mafundi wengi ni kuongeza unene wa gasketi ya silinda hedi, na hesabu inaonyesha udhaifu wake. Ili silinda ya sentimita za ujazo 500 ishuke kutoka 11 hadi 9, chumba chake kinapaswa kupanuka kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 62.5. Kwa kipenyo cha milimita 86, nyongeza hiyo ya 12.5 ingehitaji gasketi inene kwa milimita 2.15 zaidi. Mwanya kati ya ukingo wa pistoni na silinda hedi, ambao injini nyingi huuacha ukiwa karibu na milimita 1 ili hewa ibanwe kwa nguvu kuelekea kwenye plagi na kuchanganyika vizuri, utakuwa umeongezeka mara tatu, na matokeo yake ni mchanganyiko uliotulia unaoungua taratibu na kugonga kwa urahisi. Gasketi nene hufaa kwa nusu uwiano au uwiano mmoja. Zaidi ya hapo pesa ielekezwe kwenye pistoni.

Petroli na upangaji wa kompyuta

Petroli inayochanganywa na mafuta ya taa hupoteza okteni yake haraka, na Tanzania ina historia ndefu ya uchakachuaji wa namna hiyo, kiasi kwamba mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama ya kikemikali inayofichua mchanganyiko, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Hatua hizo zimesaidia, lakini injini ya supachaja haisamehe hata pipa moja baya. Mwenye gari kama hilo na anunue kwenye kituo kimoja au viwili vyenye mauzo makubwa, adai risiti, na asijaze kamwe petroli ya madumu inayouzwa barabarani au kuvushwa kwa njia za panya kutoka ng'ambo ya mpaka.

Hewa ikiongezeka, mafuta lazima yaongezeke kwa kiwango hichohicho na kidogo zaidi. Petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya mafuta, lakini chini ya presha mafundi huuleta uwiano huo kwenye 11.5 hadi 12, ili petroli ya ziada inapogeuka mvuke ipoze silinda. Nozeli na pampu ya mafuta za asili mara nyingi hazifiki hapo, na injini inayokosa mafuta huku ikipewa hewa nyingi huungua haraka kuliko kwa kosa lingine lolote. Vilevile plagi zinapaswa kuwasha kwa kuchelewa kidogo kuliko zamani, na plagi zenyewe ziwe za aina ya baridi zaidi, ambazo hupeleka joto lake haraka kwenye silinda hedi. Kazi hii inahitaji kompyuta inayoweza kupangwa upya na kipimo cha oksijeni cha masafa mapana kilichofungwa kwenye eksozi. Fundi anayesema ataisikiliza injini kwa masikio peke yake hafai kupewa kazi hiyo, hata kama ni hodari katika mambo mengine yote.

Injini za dizeli

Dizeli kwa asili yake ni injini ya mgandamizo mkubwa, kwa kuwa huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa bila plagi. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser za mkonga, ambayo ina silinda sita na ujazo wa takriban lita 4.2, ina uwiano wa 22.4, wakati ndugu yake wa turbo, 1HD-T, alipewa 18.6. Dizeli haigongi kwa namna ya petroli, kwa sababu mafuta huingia mwishoni mwa mbano, lakini presha ya juu kabisa ndani ya silinda na joto la moshi hupanda, na vinavyoumia ni silinda hedi, vyumba vidogo vya kuwashia na pistoni.

Kwa 1HZ, turbo ndogo ni chaguo bora kuliko supachaja, kwa kuwa haili nguvu ya injini na spea zake zinapatikana. Dizeli isiyo na turbo iliyopimiwa mafuta pwani hutoa moshi mweusi Mbozi kwa sababu hewa imepungua na mafuta yamebaki yaleyale, hivyo turbo yenye presha ya baa 0.2 hadi 0.3, bila kufungulia pampu ya dizeli hata kidogo, husafisha moshi na kurudisha nguvu. Anayetaka zaidi ya hapo na afunge kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo, na aondoe mguu kwenye mafuta kipimo kinapokaribia nyuzi 700.

Ukaguzi kabla ya kufunga

Supachaja huongeza mzigo kwa kila udhaifu uliokuwepo, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima kompresheni ya kila silinda, yaani presha ambayo kila moja inaweza kuijenga injini inapozungushwa kwa stata. Hapa pia mwinuko una neno lake: injini nzima ambayo pwani husoma pauni 180 kwa inchi ya mraba itasoma karibu 150 kwenye mita 1,500, na fundi anayelinganisha na kitabu bila kujua hilo ataihukumu kuwa imechoka na kumtia mwenye gari gharama ya kufungua injini nzima. Lenye uzito zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 10, chanzo chake kitafutwe na kurekebishwa kabla ya supachaja kununuliwa.

Mfumo wa kupozea ndio unaofuata. Maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi kwenye mwinuko huo, na kinachoyazuia yasichemke mapema ni mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha. Mfuniko uliochoka wa shilingi chache unaweza kuua injini ya mamilioni. Desturi ya kuondoa thermostati na kujaza maji ya bomba iachwe kabisa, kulanti sahihi iwekwe, na rejeta isafishwe ndani na nje, kwa kuwa gari la supachaja lililosimama kwenye foleni ya Tunduma adhuhuri hubaki na joto la kilima bila upepo wa kuliondoa.

Vumbi la barabara za mashambani wakati wa kiangazi nalo ni adui, kwa sababu rota za supachaja huzunguka kwa mwanya mwembamba sana na hukwaruzwa na mchanga mdogo. Kichujio cha hewa kiwe kikubwa, kifungwe bila mwanya, na kikaguliwe kila oili inapobadilishwa. Supachaja nyingi zina oili yake katika nyumba ya gia, tofauti na oili ya injini, na mafundi wengi huisahau hadi bearingi zianze kulia. Mkanda ukilegea au uking'aa, presha hushuka bila onyo, na ukikatika kwenye gari ambalo mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, safari imeishia hapo.

Majaribio na mpangilio wa matumizi ya fedha

Majaribio yaanze kwa puli kubwa ya supachaja, ambayo huizungusha polepole na kutoa presha ndogo, na gari liendeshwe siku kadhaa kabla ya kupandisha. Baada ya mwendo wa kilima chini ya mzigo, injini izimwe na plagi zifunguliwe zikaguliwe kwa miwani ya kukuzia: kauri ya rangi ya kahawia nyepesi ni dalili njema, ilhali vidoa vidogo vya kung'aa juu ya kauri ni vipande vya alumini vilivyotoka kwenye pistoni, na gari lenye dalili hiyo lisiendeshwe tena hadi mafuta na muda wa plagi virekebishwe. Jaribio la mwisho lifanyike mahali pa chini, siku ya joto, tangi likiwa na petroli ya kawaida ya safari, kwa kuwa hapo ndipo injini itakapobanwa kuliko mahali pengine popote. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi, kwa sababu badiliko kubwa lisilotajwa linaweza kuwa kisingizio cha kukataa madai, na breki na matairi vipewe hadhi sawa na injini, kwa kuwa kila kilima kinachopandwa haraka kina mteremko upande wa pili.

Kwa mwenye bajeti ya kawaida, fedha ya kwanza iende kwenye ukaguzi wa kompresheni na mfumo wa kupozea, ya pili kwenye kompyuta inayopangika na kipimo cha oksijeni, ya tatu kwenye nozeli na pampu ya mafuta, ya nne kwenye kipoza hewa, na supachaja yenyewe iwe ya mwisho, ikipangwa kuzidisha presha kwa mara 1.2 na kuwekewa njia ya kuizima au kuipunguza kuelekea pwani. Fedha ikiishia kwenye hatua ya pili au ya tatu, mwenye gari atabaki na injini iliyo salama na yenye afya kuliko ilivyokuwa. Anayehitaji nguvu zaidi ya hiyo atapata nafuu kwa kutafuta gari ambalo kiwanda kililifungia supachaja au turbo tangu mwanzo, kwa kuwa pistoni, gasketi, oili na kompyuta yake vilikwisha kuchaguliwa kwa pamoja, na gharama ya kulinunua mara nyingi huwa ndogo kuliko gharama ya kuijenga upya injini iliyotengenezwa kwa kazi nyingine.